Gari laweza kushika barabara bila kushushwa

Mmiliki wa gari dogo humu nchini hukabiliwa na mahitaji mawili yanayoonekana kupingana. Kwa upande mmoja, anataka gari litakalotulia anaposhuka kona za Mai Mahiu au anapolazimika kulikwepa lori ghafla katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa. Kwa upande mwingine, anahitaji gari lililoinuka kiasi cha kuvuka matuta, mashimo na mawe ya njia ya kuingilia mtaani au kijijini kwake bila kugonga tumbo.

Kwa kuwa magari ya mashindano yanayoonekana kwenye runinga huwa yamelala karibu na lami, wengi wameamini kwamba gari haliwezi kushika barabara vyema mpaka lishushwe. Ndiposa baadhi ya vijana huwaendea mafundi na kuagiza springi zikatwe. Wengine, waliochoshwa na kukwaruzwa kwa magari yao, hufanya kinyume: huyainua kwa vipande vinene vya chuma au plastiki ngumu viitwavyo spesa, kisha hushangaa yanapoanza kulala upande kwenye kila kona.

Makundi haya mawili yanatokana na dhana moja potovu, kwamba kimo cha gari na utulivu wake ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba sehemu nyingi zinazoamua jinsi gari linavyoutii usukani hazibebi uzito wake kamwe, na kitu kisichobeba uzito wa gari hakiamui kimo chake. Anayeielewa kanuni hii anaweza kuliboresha gari lake kwa kiasi kikubwa huku tumbo likibaki palepale lilipowekwa na kiwanda.

KAZI YA KILA KIFAA

Mfumo unaounganisha mwili wa gari na magurudumu una sehemu nne kuu zinazostahili kufahamika kabla ya mwenye gari kufungua mkoba wake.

Ya kwanza ni springi. Hii ndiyo inayobeba uzito, na kwa hivyo ndiyo inayoamua gari litasimama umbali gani kutoka ardhini. Ugumu wa springi na urefu wake kabla haijabanwa ndivyo huamua kimo hicho.

Ya pili ni shoki. Licha ya imani ya wengi, shoki haibebi gari. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupitia vitundu na vali ndogo, na katika kazi hiyo nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Bila shoki, gari likigonga tuta lingeendelea kurukaruka kwenye springi zake kwa muda mrefu, na gurudumu linalorukaruka halishiki barabara, halipindi wala halifungi breki ipasavyo.

Ya tatu ni stabilaiza, yaani ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, ufito huu huzunguka tu bila kuzuia chochote. Lakini gari likianza kulala upande mmoja kwenye kona, ncha moja hupanda na nyingine hushuka, na ufito husokoteka. Ukaidi wake dhidi ya kusokotwa ndio hulizuia gari kulala zaidi.

Ya nne ni bushi, zile raba zinazowekwa kwenye viungo ili chuma kisikwaruze chuma. Zikiwa nzima, huyashikilia magurudumu katika pembe zilizokusudiwa na mtengenezaji. Zikipasuka, gurudumu hupata uhuru wa kwenda litakako, na dereva huhisi usukani ukichelewa kuitikia.

Ni dhahiri basi kwamba katika sehemu hizi nne, ni springi pekee inayoamua kimo. Nyingine tatu zinaweza kubadilishwa na kuimarishwa bila gari kushuka.

KWA NINI KUSHUSHA SI DAWA

Gari linapokata kona, sehemu ya uzito wake huhama kutoka magurudumu ya ndani ya kona hadi ya nje. Kiasi kinachohama hutegemea uzito wa gari, ukali wa kona, umbali wa kitovu cha uzito kutoka ardhini na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Chukua mfano wa gari lenye kilo 1,200, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka ardhini, na upana kati ya magurudumu ukiwa sentimita 145. Likikata kona kwa nguvu ya kando iliyo sawa na nusu ya uzito wake, mzigo wa takriban kilo 228 utahamia upande wa nje. Sasa lishushe gari hilo kwa sentimita tatu. Mzigo utakaohama ni kama kilo 215. Faida yote iliyopatikana ni kilo 13 hivi, karibu asilimia tano.

Kilichopotezwa ni kikubwa zaidi. Iwapo gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda sentimita nane kabla ya kugonga mwisho wake, sasa limebakiwa na tano tu. Kwenye barabara yenye mashimo, sentimita hizo huisha haraka. Springi inapofika mwisho, mwili wa gari hupokea kishindo chote, na kama hilo litatokea katikati ya kona, gurudumu huruka na kupoteza mshiko wakati ule hasa unapohitajika.

Kuna hasara nyingine isiyofahamika na wengi. Magari mengi madogo yanayotumika humu nchini, ikiwemo Toyota Corolla Fielder, hutumia mbele mfumo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson aliyeubuni katika miaka ya 1940. Katika mfumo huu, mwili wa gari hulala ukizunguka sehemu fulani ya kufikirika ambayo mahali pake huamuliwa na pembe ya mikono ya chini inayoshika magurudumu. Gari likishushwa, mikono hiyo hubadili pembe na sehemu hiyo hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito. Matokeo ni kwamba gari lililoshushwa bila marekebisho mengine linaweza kuwa na hamu kubwa zaidi ya kulala upande kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Kukata springi kwa msumeno, au kuichoma moto ili ilegee, ni hatari maradufu. Springi iliyokatwa huenda isikae sawasawa kwenye kikalio chake na inaweza kuchomoka gurudumu linaponing'inia. Iliyochomwa hupoteza ugumu uliotiwa kiwandani na huweza kuendelea kudidimia au kuvunjika.

Nazo spesa? Gari lile lile likiinuliwa kwa sentimita tano, mzigo unaohama kwenye kona hupanda hadi kilo 248 hivi. Isitoshe, ekseli zinazozungusha magurudumu ya mbele hulazimika kufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na viungo vyake pamoja na boljointi huchakaa mapema. Mwenye gari huwa ameepuka mawe, lakini amelifanya gari kuwa rahisi zaidi kupinduka linapokwepa kitu ghafla.

ANZA NA KILICHOCHAKAA

Kanuni za humu nchini huruhusu gari lililotumika kuagizwa kutoka ng'ambo likiwa na umri usiozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba gari nyingi zinazoteremshwa katika bandari ya Mombasa huwa na raba ambazo tayari zimeona miaka mingi ya joto na baridi, hata kama rangi ingali inang'aa. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kuliboresha gari, mwenyewe anapaswa kulirejesha katika hali yake ya awali. Mara nyingi madereva hushangaa kugundua kwamba gari walilodhani ni bovu kwa maumbile lilikuwa tu limechoka.

Dalili za uchakavu si ngumu kuzitambua. Shoki inayovuja huonekana ikiwa imelowa mafuta. Tairi linalolika kwa mabaka, hapa pameliwa na hapa hapajaliwa, mara nyingi ni ushahidi kwamba gurudumu limekuwa likirukaruka. Mlio wa kugonga kwenye matuta madogo aghalabu hutoka kwenye bushi, boljointi au viungo vya stabilaiza. Gari likiinamisha pua kupita kiasi breki zinapofungwa, shoki za mbele zinafaa kuchunguzwa.

Wakati wa kubadilisha bushi, kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Bushi nyingi za raba hazizunguki. Hujisokota gurudumu linapopanda na kushuka. Kwa hivyo, nati yake ya mwisho inafaa kukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ikikazwa wakati gari liko juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, raba hubaki imesokotwa kila mara gari linaposimama chini. Itapasuka mapema, na inaweza hata kulifanya gari lisimame juu kuliko inavyotakikana. Kazi hii haihitaji kifaa cha ziada wala gharama, ila subira ya fundi.

Zipo pia bushi za plastiki ngumu ya polyurethane. Hizi huufanya usukani uitikie upesi zaidi, lakini hupitisha mtikisiko na kelele nyingi hadi ndani ya gari, na nyingine huhitaji kupakwa grisi. Kwa gari la kubebea familia, raba mpya zilizotengenezwa vyema zinatosha.

SHOKI BORA, KIMO KILE KILE

Hatua ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa barabara zetu. Shoki za kawaida huwa na mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na mafuta hupita kati yake. Kwenye barabara ndefu ya changarawe iliyojaa mawimbi, mafuta hayo huchemka na huweza kuchanganyika na hewa yakawa povu. Povu halizuii kitu, na baada ya kilomita kadhaa dereva hujikuta akiendesha gari ambalo ni kana kwamba halina shoki.

Suluhisho lilipatikana kwa kutia gesi ya naitrojeni yenye shinikizo ili kuzuia povu. Katika miaka ya 1950, kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilichukua ubunifu wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon wa shoki ya mrija mmoja yenye gesi, na kufikia mwaka 1957 zilikuwa zikifungwa kwenye magari ya Mercedes-Benz. Leo shoki za gesi, za mrija mmoja na za miwili, zinapatikana kwa magari mengi ya kawaida.

Anayetaka kudumisha kimo cha gari lake anapaswa kuwa mwangalifu dukani. Baadhi ya shoki zinazouzwa kama za kimichezo hutengenezwa fupi kwa ajili ya magari yaliyoshushwa. Anayefaa kununua ni yule anayeuliza kwanza kama shoki hiyo ni ya urefu wa kawaida wa gari lake. Shoki yenye gesi nyingi inaweza kuliinua gari kwa milimita chache, jambo lisilo na madhara.

Shoki hubadilishwa kwa jozi, za mbele zote mbili au za nyuma zote mbili, kwani moja ikiwa mpya na nyingine kuukuu gari huvutwa upande. Wala ugumu uliokithiri si ubora. Shoki ngumu mno hulizuia gurudumu kufuata umbo la barabara, likawa linaruka kutoka kilima hadi kilima cha changarawe.

STABILAIZA NA HESABU YAKE

Iwapo gari bado linalala upande baada ya shoki na bushi kurekebishwa, stabilaiza nene zaidi ndiyo dawa. Uzuri wake ni kwamba ongezeko dogo la unene huleta mabadiliko makubwa, kwa kuwa ukaidi wa ufito dhidi ya kusokotwa hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ufito wa milimita 20 ukibadilishwa na wa milimita 22, wa chuma na umbo lile lile, ukaidi huongezeka kwa takriban asilimia 46, na gari halishuki hata kidogo.

Hata hivyo, nguvu hii inahitaji busara. Stabilaiza nene ya nyuma hulisaidia gari linalovutwa na magurudumu ya mbele kuingia konani bila ubishi. Ikizidi kiasi, mkia wa gari utateleza barabara inapolowa, na dereva asiye na mazoezi atajikuta ameangalia alikotoka. Kadhalika, kwa kuwa ufito huunganisha pande mbili, gurudumu moja likigonga shimo mshtuko hupelekwa pia upande wa pili. Kwa barabara mbovu, ongezeko la wastani linatosha.

SPRINGI IWE YA MWISHO

Kubadilisha springi kunawezekana bila kugusa kimo, lakini kunahitaji hesabu. Tuseme springi ya kona moja imebeba kilo 300, nayo hudidimia sentimita moja kwa kila kilo 20. Itakuwa imebanwa kwa sentimita 15. Ikiwekwa nyingine ngumu zaidi, inayodidimia sentimita moja kwa kila kilo 25, itabanwa kwa sentimita 12 pekee. Kama springi hizo mbili zina urefu sawa kabla ya kubanwa, pembe hiyo ya gari itainuka kwa karibu sentimita tatu. Ili kimo kibaki kile kile, springi mpya lazima iwe fupi kwa sentimita hizo tatu.

Hii ndiyo sababu springi haifai kuokotwa kwenye lundo la vipuri kwa kutazama unene wake tu. Inayofaa ni iliyoundwa kwa aina hiyo ya gari, ikiwa na maelezo ya ugumu na kimo itakacholeta. Na kila springi inapoongezwa ugumu, shoki nayo inastahili kuwa na nguvu ya kuituliza, la sivyo gari litarukaruka zaidi ya mwanzo.

Baada ya hayo yote, matairi ndiyo hukamilisha kazi, kwani ndiyo sehemu pekee inayogusa barabara. Upepo ufuate kipimo kilichobandikwa, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Anayetaka tairi pana zaidi achunguze kwamba kipenyo cha nje hakibadiliki: kwa mfano, tairi la 195/65 R15 na la 205/55 R16 hutofautiana kwa chini ya milimita tatu. Hata hivyo la pili lina ubavu mfupi, na shimo lenye kingo kali litaiharibu rimu kwa urahisi zaidi. Hatimaye gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti, kwa sababu kila kiungo kinapofunguliwa pembe za magurudumu huweza kubadilika.

SOMO LA SAFARI RALLY

Anayeshuku kwamba gari lililoinuka linaweza kushika barabara anapaswa kukumbuka mashindano ya Safari Rally, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kurejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, mjini Naivasha. Magari yaliyotamba humo hayakuwa yamelala chini. Peugeot 504, iliyoshinda mwaka 1975 na tena 1978, ilisifika kwa springi laini zenye mwendo mrefu zilizotulizwa na shoki zenye nguvu. Ni aina hiyo hiyo ya gari iliyobeba abiria kwa miaka mingi katika barabara za kwenda Nakuru na kwingineko, ikivuka mashimo ambayo magari mengine yaliyakwepa.

Waliotengeneza magari hayo walijua kwamba barabara ndiyo huamua kimo. Baada ya kimo kuamuliwa, kazi ya fundi ni kuhakikisha gurudumu haliachi ardhi.

Mwenye gari anaweza kuufuata utaratibu huo bila haraka. Arekebishe kilichochakaa, kisha shoki, kisha stabilaiza, na springi mwishoni ikiwa bado kuna haja. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, aliendeshe gari katika barabara anayoijua, kwa mwendo wa kawaida, ndipo aamue kuhusu hatua inayofuata. Kabla ya kupima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, afanye hivyo kwanza kabla ya kazi kuanza, ili baadaye aweze kuthibitisha kwamba fundi hakulishusha wala kuliinua. Pia ni vyema kampuni yake ya bima ifahamishwe kuhusu mabadiliko yoyote, isije ikapata kisingizio cha kukataa kulipa ajali ikitokea.

Hakuna shoki wala stabilaiza inayoweza kumwokoa dereva anayeingia konani kwa kasi isiyofaa. Lakini mtoto anapokimbilia barabarani au lori linapohama upande wake bila ishara, gari ambalo viungo vyake ni vizima humpa dereva nafasi ya kukwepa na kurejea njiani bila kupinduka. Nafasi hiyo haipatikani kwa kukata springi wala kuongeza spesa.